Wimbo Kinywani, Wimbo Karatasini

Kuna swali moja ambalo huko Bara Hindi limegombanisha watu kwa zaidi ya miaka mia moja. Wimbo ni mali ya nani? Ni mali ya mzee aliyeubeba kichwani miaka hamsini, akaulipia kwa njaa na kwa usingizi wa alfajiri? Au ni mali ya watu wote, na huyo mzee akiubania mpaka akafa nao ametuibia sote? Usijibu haraka. Waliojibu haraka ndio waliokosana.

Wengi wetu tukisikia muziki wa Kihindi, mawazo yanakimbilia sinema: jamaa na mpenzi wake wanafukuzana kwenye miti, huku vinanda hamsini vinalia nyuma yao. Ule wa sinema ni mjukuu. Mimi nataka kumzungumzia bibi yake, muziki wa raga, na hasa wa kaskazini ya India, kwa sababu kule ndiko ugomvi ulikopamba moto.

Kwanza tuelewane raga ni kitu gani. Sauti za msingi ni saba: Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni. Kila raga inachagua zake humo. Malkauns, kwa mfano, inachukua tano tu. Kisha inatoa masharti: upande hivi, ushuke hivi, hapa utue, pale upite mbio. Tena raga ina saa yake. Bhairav ni ya asubuhi, Yaman ni ya giza likianza kuingia, Malkauns ni ya usiku wa manane. Mwimbaji anaanza taratibu bila ngoma, anaifungua raga sauti moja moja, kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba iliyolala. Baadaye ndipo tabla inapoingia na wimbo wenyewe unapoanza. Wimbo huo ni mistari michache tu, lakini unazungushwa ndani ya tala, mara nyingi ya mapigo 16, na kila mzunguko mwimbaji na mpiga tabla wanatakiwa kukutana kwenye pigo la kwanza. Mistari hiyo michache inaweza kula saa nzima! Maana yake ni kwamba kinachokaririwa ni kidogo, na kinachozaliwa pale pale mbele ya wasikilizaji ni kingi.

Sasa, India haikukosa vitabu. Natya Shastra, kitabu cha kale kinachohusishwa na Bharata, tayari kinachambua sauti na ngoma. Katika karne ya 13 Sarngadeva, aliyekuwa kwenye utawala wa Devagiri, aliandika Sangita Ratnakara, kitabu ambacho wanazuoni wanakiheshimu mpaka leo. Lakini vitabu hivyo vimeandikwa kwa Kisanskriti. Na ikifika karne ya 19, wengi wa waliokuwa mabingwa wa kuimba huko kaskazini walikuwa Waislamu, waimbaji wa kurithi katika nyumba za marajah na manawab, na Kisanskriti hawakukisoma. Kwa hiyo kitabu kilishika njia yake na kinywa kikashika yake. Mwenye kitabu hakujua kuimba kilichoandikwa, na mwenye kuimba hakuhitaji kitabu.

Mwimbaji yeye alikuwa na nyumba. Neno lenyewe ni gharana, na limetokana na ghar, yaani nyumba. Kuna gharana ya Gwalior, ya Agra, ya Kirana, ya Jaipur-Atrauli, kila moja na namna yake ya kuitoa sauti, na nyimbo ambazo jirani hana. Mwanafunzi, shagird, alifungwa uzi mkononi na ustad wake, na kuanzia siku hiyo alikuwa kama mtoto wa mle ndani. Alitumwa sokoni, alichota maji, alikanda miguu ya mzee, na katikati ya hayo alifundishwa. Ustad hakutoa vyote kwa kila mtu. Vile vya ndani kabisa viliwekwa kwa watoto wa damu. Katika nyumba za wapiga tabla inasimuliwa kwamba Haji Vilayat Ali wa Farrukhabad alipooa binti wa ustad wa Lucknow, alipewa mapigo ya tabla kuwa mahari ya bibi harusi. Hebu fikiri: watu wanatoa ng'ombe, watu wanatoa dhahabu, huyu katoa mapigo! Basi ujue kwamba mapigo yale yalikuwa mali kweli kweli.

Halafu dunia ikapinduka. Mwaka 1856 Waingereza wakamnyang'anya Wajid Ali Shah ufalme wake wa Awadh, naye akaishia uhamishoni Calcutta. Mwaka uliofuata ukazuka uasi mkubwa, na ulipozimwa, kiti cha kifalme cha Delhi nacho kikafutwa. Waimbaji waliokuwa wakila kwenye nyumba zile wakatawanyika, huyu Gwalior, huyu Rampur, huyu Baroda, wengine miji ya biashara kama Calcutta na Bombay. Ustad alikuwa amepoteza mfalme, amepoteza mshahara, amebaki na kitu kimoja tu: anachokijua yeye na wengine hawakijui. Tukumbuke hilo kabla ya kumwita mchoyo.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa karatasi. Vishnu Narayan Bhatkhande alizaliwa Bombay mwaka 1860. Alikuwa mwanasheria, mtu wa mafaili na ushahidi. Mkewe alifariki, kisha binti yake, naye akaiacha sheria, akajitia katika safari. Mwaka 1904 alikwenda kusini, ambako watu walikuwa wamekwisha kuzipanga raga zao kwenye mafungu 72. Akarudi, akazunguka kaskazini mji kwa mji, anahoji, anaandika. Swali lake lilikuwa la kiwakili: unasema raga hii inaimbwa hivi, nani shahidi wako? Akagundua jambo ambalo wasomi wenzake hawakulipenda, kwamba muziki unaoimbwa leo haulingani na vitabu vya kale. Wapo waliotaka kusema kila kitu kimeshuka moja kwa moja kutoka enzi za miungu. Yeye akasema hapana, tuwasikilize wanaoimba sasa.

Lakini wanaoimba sasa ndio hao maustad, na baadhi walimfungia mlango. Rampur alikuwako Wazir Khan, aliyehesabiwa kuwa wa ukoo wa Tansen, yule mwimbaji mashuhuri wa mfalme Akbar katika karne ya 16. Huyo si mtu wa kumgongea hodi na daftari mkononi. Ilibidi Bhatkhande apitie kwa nawab wa Rampur mwenyewe, Hamid Ali Khan, na akubali kuwa shagird, yeye mwanasheria mwenye umri wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama.

Alichokivuna kilijaza vitabu. Hindustani Sangeet Paddhati, juzuu nne kwa Kimarathi, kimeandikwa kwa namna ya mwalimu na mwanafunzi wanaozungumza. Kramik Pustak Malika, juzuu sita, kina zaidi ya nyimbo elfu moja, na kila wimbo umeandikwa kwa alama ambazo hata mtoto anaweza kuzisoma: kistari chini ya sauti iliyolegezwa, kistari cha wima juu ya Ma iliyokazwa, nukta juu kwa sauti ya juu, nukta chini kwa sauti ya chini. Raga zote akazigawa katika mafungu kumi. Mwaka 1916 ukafanyika Baroda mkutano wa kwanza wa muziki wa India nzima, wanazuoni na waimbaji ukumbi mmoja. Mwaka 1926 kikafunguliwa chuo Lucknow, ambacho leo ni chuo kikuu chenye jina lake. Mwenzake, Vishnu Digambar Paluskar, aliyeumia macho utotoni kwa ajali ya fataki, alikuwa ametangulia kufungua shule Lahore mwaka 1901. Mtoto wa karani, ambaye zamani asingethubutu kukaribia mkeka wa ustad, sasa aliweza kulipa ada, akafundishwa, akapewa cheti.

Mpaka hapo naona wengi mmeshampigia kura mtu wa karatasi. Subirini kidogo.

Chukua raga Darbari, ambayo wenyewe wanaihusisha na Tansen. Ndani yake kuna Ga iliyolegezwa. Kwenye karatasi utaiona Ga na kistari chake chini, imekwisha. Lakini Ga ya Darbari haisimami. Inayumba taratibu, kama mashua iliyofungwa ufukweni maji yakianza kujaa, na kuyumba huko ndiko kunakoifanya iwe Darbari. Anayesoma kitabu tu ataimba Ga sahihi na Darbari hatakuwa nayo. Kuyumba kwenyewe unakupata mbele ya mtu, anaimba unarudia, anakataa, unarudia, siku mia.

Kuna na jambo zito zaidi. Bhatkhande aliwahitaji maustad, lakini katika maandishi yake mara nyingi aliwaona kama watu wasiosoma walioshika mali wasiyoielewa. Alitaka wimbo utoke kwao ili uwe wa taifa. Vizuri, lakini huyo mzee ale nini? Wakati huo huo Abdul Karim Khan wa gharana ya Kirana, ustad kamili, alifungua shule yake mwenyewe mjini Poona, akafundisha na watoto wasio wa damu yake. Kumbe si kila ustad alikuwa bahili.

Na kuna waliotolewa nje kabisa. Kabla ya vyuo, walioimba hadharani kwa ubingwa walikuwa wanawake walioitwa tawaif, wajuzi wa mashairi, ngoma na adabu za majlisi. Sahani za santuri zilipofika India mwaka 1902, mmoja wa waimbaji wa mwanzo kabisa kurekodiwa alikuwa Gauhar Jaan wa Calcutta. Alilazimika kuikunja raga iingie kwenye dakika kama tatu, na mwishoni alitamka kwa Kiingereza kwamba jina lake ni Gauhar Jaan. Ilikuwa kama sahihi yake. Lakini jamii mpya ya watu wenye heshima ilitaka muziki usiokuwa na tawaif ndani yake. Nyimbo zao zikachukuliwa, wao wakaachwa mlangoni. Kusini nako wanawake wa hekaluni, devadasi, walipigwa marufuku kwa sheria ya Madras ya mwaka 1947, ilhali M. S. Subbulakshmi, mwimbaji ambaye India ilimpa nishani yake kubwa kuliko zote mwaka 1998, alitoka katika ukoo wa namna hiyo hiyo.

Sisi wa pwani tunayo sababu ya kuielewa habari hii. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alipanda meli kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, katika mji ule ule aliokuwa akiishi Bhatkhande. Sikusema walikutana. Nasema tu kwamba Siti, mtoto wa familia maskini ya Fumba, naye alikuwa wa kinywani, hakuwa wa karatasini, na lau zisingekuwapo sahani zile na kitabu cha Shaaban Robert, leo tungekuwa na jina lake na sifa zake, basi.

Sasa nirudi kwenye swali. Jibu zuri kuliko yote alilitoa Bhatkhande mwenyewe, tena bila kulisema. Mwanafunzi wake mpenzi alikuwa S. N. Ratanjankar, ambaye baadaye alikiongoza kile chuo cha Lucknow. Alama zote anazijua, vitabu vyote anavyo, na mtunzi wa vitabu yuko naye. Unadhani Bhatkhande alimpeleka wapi akamalize kujifunza? Alimpeleka Baroda kwa Faiyaz Khan, ustad wa gharana ya Agra, akakae mbele yake na kurudia sauti moja moja kama walivyofanya waliomtangulia. Mtu aliyeandika nyimbo zaidi ya elfu moja alijua kabisa kilichokuwa kimebaki nje ya daftari.

Na mpaka leo mambo yako hivyo hivyo. Vyuo vinatoa vyeti, vitabu vinasomwa, lakini anayetaka kupanda jukwaani anatafuta mtu wa kukaa mbele yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni moja ya tumbaku ilianzisha Calcutta mahali ambapo maustad wanapewa nyumba na mshahara, na wanafunzi wanaishi karibu nao. Mfalme amekuwa kampuni ya sigara! Lakini angalau kuna aliyekumbuka kwamba mzee naye anakula.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, wengi wetu tunazunguka na madaftari kwa mabibi na mababu, tunaandika ngano, nyimbo za jando, mashairi ya harusi. Tuandike, tusiache, maana wanaondoka. Ila tukiandika, jina la mzee liwe juu ya ukurasa kabla ya letu, na tukipata chochote kwa kazi hiyo, tujue njia ya kurudi kwake. Na baada ya kufunga daftari tukae tena kidogo, tumwombe aimbe mara ya pili. Huenda Ga yake inayumba, nasi tumeiandika imesimama.