Kupachika Taswira ya Diski kutoka Mbali

Tuseme seva imefungwa ofisini Nkoma, wilayani Itilima, na fundi wake anakaa Bariadi mjini. Mfumo endeshi umeharibika, na dawa ni diski ya usakinishaji. Zamani angefunga safari na sidii mkononi. Siku hizi anaandika amri, na seva inaiona diski kana kwamba imo ndani yake. Mafundi husema kumaunti. Mimi nasema kupachika taswira ya diski kutoka mbali.

Taswira ya diski ni faili moja lililobeba diski nzima jinsi ilivyo: mafaili, mpangilio wake, pamoja na ile sehemu ambayo kompyuta huisoma inapoamka. Mpangilio wa sidii ulisanifiwa mwaka 1988 kwa jina la ISO 9660, ndiyo maana majina ya mafaili hayo huishia na .iso. Ukisema picha, msomaji anafikiria kamera. Nakala nayo haitoshi, kwani ukinakili mafaili peke yake unaiacha sehemu ya kuamshia.

Kitenzi ndicho kinachobishaniwa. Enzi za kompyuta kubwa, mwendeshaji alibeba diski mikononi akaifunga kwenye mtambo; kwa Kiingereza tendo hilo ni mount. Mfumo endeshi wa Unix ulipoandikiwa mwongozo wake wa kwanza, 1971, amri ya mount ilikuwemo tayari. Wapo wanaopendekeza kupakia. Siafiki. Anayepakia anahamisha mzigo, ilhali hapa taswira inabaki ilipo na seva inasoma vipande kadiri inavyovihitaji. Kuchomeka nako kunadai mkono na tundu. Kitu kilichopachikwa hukaa tayari kwa kazi bila kugeuka sehemu ya kinachokishika, kama mshale kwenye upote. Kinyume chake kipo pia: kupachua.

Kinachofanya kazi hiyo ya kupachika ni kompyuta ndogo iliyomo kwenye bodi mama ya seva, yenye anwani yake ya mtandao, inayokesha hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO. Kwenye Dell amri huandikwa hivi:

racadm remoteimage -c -u fundi -p siri -l //192.168.1.10/taswira/linux.iso

Herufi -c inapachika, -s inaonyesha hali, -d inapachua.

Itazame vizuri hiyo anwani iliyo baada ya -l, maana ndipo wengi wanapokwama. Taswira ya gigabaiti kadhaa ikikaa Bariadi, kila kipande kitasafiri hadi Nkoma, na mtandao ukiyumba katikati usakinishaji unakatika. Basi 192.168.1.10 iwe kompyuta nyingine palepale Nkoma, ndani ya mtandao wa ofisi. Kinachotoka mbali kiwe amri tu. Herufi zake chache zinapita hata kwenye intaneti ya simu. Nayo ipitishwe kwenye njia iliyofichwa, kwa sababu atakayeingia kwenye iDRAC kutoka nje ana uwezo wa kufuta seva nzima.

Kisha seva ielekezwe kuamkia kwenye taswira iliyopachikwa mara moja tu. Usakinishaji ukiisha, pachua kwa -d kabla hujaiwasha upya, la sivyo, kama agizo hilo la mara moja halikushika, inaweza kuanza kujisakinisha tena.