Matabibu wa Sawad na Fungu la Mgonjwa

Bismillahi Rahmani Rahim. Tusomapo tarehe ya Baghdadi ya zamani, husifiwa kasri za Makhalifa na vitabu vya wanavyuoni. Ni mara chache kutajwa mkulima wa mashamba yaliyouzunguka mji ule, ambaye alipougua hakuwa na tabibu wala dirhamu ya kumlipa. Twapenda hapa kueleza jinsi tabibu alivyopelekwa kwa mkulima huyo bila malipo, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na jinsi matibabu ya bure yalivyolindwa yasife.

Khalifa al-Muqtadir alitawala tangu mwaka 908 hata 932 wa Miladi. Miongoni mwa mawaziri wake alikuwa Ali bin Isa, mtu mwangalifu sana wa mali ya watu. Mwaka 302 wa Hijra (914 Miladi) alijenga hospitali katika mtaa wa Harbiyya, akaigharimia kwa mali yake mwenyewe. Msimamizi wa hospitali za Baghdadi alikuwa Sinan bin Thabit, tabibu wa ukoo wa Wasabii wa Harran, ambaye wakati ule alikuwa hajasilimu bado. Elimu yake ilitosha kumpa kazi, wala hakukataliwa kwa dini yake.

Katika mwaka mmoja maradhi yalipozidi, Waziri alimwandikia Sinan kwamba wafungwa, kwa wingi wao na ugumu wa mahali pao, hawakosi kuugua. Basi matabibu wawaendee kila siku pamoja na dawa. Kisha akaandika tena juu ya watu wa Sawad, yaani nchi ya mashamba baina ya Dijla na Furati. Alisema kuwa huko hapana budi wako wagonjwa, wala hapana tabibu wa kuwaangalia. Akaamuru matabibu watoke na akiba ya dawa, wakae kila mahali kwa kadiri ya haja, kisha wahamie kwingine. Tazama hekima yake: hakungoja mgonjwa abebwe kuja mjini, bali aliitoa dawa mjini ikamfuata mgonjwa.

Matabibu walipofika Sura, wakaona kuwa wengi wa wakazi wake ni Mayahudi. Sinan akaandika kuuliza, je, wakae hapo wawatibu, au wapite waende kwa wengine? Akakumbusha kuwa hospitalini hutibiwa Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Waziri akajibu kwamba hapana khitilafu juu ya jambo hilo, na kwamba hata wanyama yafaa kutibiwa. Lakini aliweka utaratibu: watu kabla ya wanyama, na Waislamu kabla ya wengine, kisha kinachobaki kiwafikie wanaofuata. Huo ulikuwa utaratibu wa zama zake. Lakini hakumfungia mtu yeyote mlango wa tiba.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila jumuiya yenye zahanati ya bure yapaswa kulijua. Matibabu ya bure ni bure kwa mgonjwa tu. Kwa mwenye kuyaendesha yana gharama kila siku. Hospitali iliyofunguliwa mwaka 306 wa Hijra kwa jina la mama yake al-Muqtadir ilitumia dinari 600 kila mwezi. Hospitali nyingine ya Baghdadi ilitegemea wakfu wa mama yake Khalifa al-Mutawakkil. Mapato ya wakfu huo yalikuwa na mafungu mawili: moja la Bani Hashim, na moja la hospitali. Msimamizi wake alikuwa akiwaharakishia Bani Hashim haki yao, na fungu la hospitali akilichelewesha. Wagonjwa wakapata dhiki kwa kukosa makaa, chakula na nguo za kujifunika. Sinan hakunyamaza, alimpelekea Waziri habari hizo. Naye Waziri akamwandikia msimamizi kwa ukali, akimwambia kuwa fungu la hospitali ndilo lililostahili kutangulizwa, kwa sababu ya udhaifu wa wale wanaolikimbilia.

Katika kisa hiki hatusomi kwamba mali iliibwa. Twasoma kuwa ilichelewa. Bani Hashim walikuwa watu wenye heshima na sauti, nao waliweza kudai. Mgonjwa hana sauti, na mgonjwa wa vilimani hana hata njia ya kuufikia mlango wa mweka hazina. Ndiyo maana zahanati ya sadaka hushindwa polepole: leo dawa zimekwisha, kesho mwuguzi hajalipwa mshahara, keshokutwa mlango umefungwa, na mzee aliyetoka usiku kwa miguu anarudi kama alivyokuja.

Basi ndugu zangu, jumuiya ifunguayo zahanati na ilitenge fungu la mgonjwa kabla ya fungu la karamu na la kupokea wageni. Na awepo mtu kama Sinan, mwenye ruhusa ya kusema wazi fungu hilo linapochelewa, naye asionekane mfitini. Barua za Waziri yule zingali zasomwa mpaka leo, kwa kuwa zilihifadhiwa na Ibn Abi Usaybia, tabibu wa Sham wa karne ya 13. Hesabu zetu nazo zitasomwa, duniani na Akhera.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa waaminifu wa haki zao. Amin.