Jembe Mkononi, Akili Safarini: Ndoto za Mchana na Kazi Yake katika Mashamba ya Simiyu

Palizi ya pamba huko Bariadi, Itilima na Maswa ni kazi ya macho na mikono. Jembe hupita pembeni mwa mche, hukata gugu chini kidogo ya uso wa udongo, kisha hulivuta na kuligeuza mizizi juu ili jua limalizie. Aliyezoea hajiambii hatua hizo. Baada ya mistari miwili mitatu mwili huendelea wenyewe, na akili huondoka. Huenda ikafika kwenye mizani ya chama cha msingi wakati wa mauzo, ikakokotoa kilo, ikatoa deni la mbegu na dawa, ikanunua bati, ikahesabu ng'ombe wa mahari, kisha ikabishana na shemeji juu ya neno alilolitamka msibani. Makala hii inadai kwamba safari hiyo ni kazi ya pili inayofanyika ndani ya ile ya kwanza. Thamani ya kazi hiyo hutegemea mzigo ambao akili imeubeba, na nafasi ambayo kazi ya mkononi imeiachia.

Kwa muda mrefu saikolojia iliihesabu ndoto ya mchana kuwa hitilafu ya umakini. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walipochapisha hoja kwamba ubongo una hali yake ya kawaida ambayo huirudia kila unapoachwa bila kazi maalumu. Zipo sehemu za ubongo ambazo shughuli zake hupungua mtu anapopewa kazi ya kumshika, na hupanda tena anapoachiwa. Ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na mtu akipewa hesabu ngumu matumizi hayo huongezeka kidogo tu. Kwa hiyo mtu aliyetulia bila shughuli bado ana ubongo unaofanya kazi kwa bidii. Anayeijua ngitili hatapata shida kulielewa jambo hili: eneo lililofungwa wakati wa mvua mgeni huliona limetelekezwa, kumbe majani ya kiangazi ndiyo yanaota humo. HASHI, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986 huko Shinyanga, mkoa ambao wakati huo ulizijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ulifanikiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu uliiheshimu hekima hiyo.

Je, kazi hiyo ya ndani ni ipi hasa? Ushahidi mzuri zaidi umetoka kwa watu walioipoteza. Mwaka 2007 Demis Hassabis na wenzake huko London waliwaomba wagonjwa walioumia hipokampasi, sehemu ya ubongo inayobeba kumbukumbu za matukio, wajenge akilini mandhari mapya, kwa mfano kulala kwenye mchanga wa pwani. Wengi wao walishindwa. Walitaja kitu hapa na kitu pale, lakini vitu hivyo havikuungana kuwa mahali pamoja. Mtu huijenga kesho kwa kuyachukua ya jana na kuyapanga upya. Asiyeyafikia ya jana hana cha kupanga. Mwanasaikolojia Eric Klinger naye alikwisha kuonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mawazo yanayohama hayaendi ovyo, bali huvutwa na malengo ambayo mtu ameyaanza na hajayamaliza.

Kwa mkulima anayetegemea mvua, malengo yasiyokwisha ndiyo maisha yenyewe. Apande nini kwenye luseni, ile ardhi ya kichanga, na nini kwenye udongo mweusi wa mbugani unaonasa miguu? Auze dume sasa au asubiri? Akikosea shambani, amepoteza msimu mzima. Akikosea akilini huku anapalilia, hajapoteza kitu, na anaweza kurudia jaribio mara nyingi kabla ya jua kuzama. Hapo ndipo ninapoiona sababu ya binadamu kuwa na uwezo huu: huturuhusu kushindwa bila gharama.

Jamii yetu, hata hivyo, imefundishwa kuuogopa uwezo huo. Tunamcheka Alinacha wa Alfu Lela Ulela, kijana aliyeweka urithi wake wote kwenye vyombo vya kioo, akakaa sokoni akikokotoa faida juu ya faida mpaka akamwoa binti wa waziri, akampiga teke kwa majivuno, na teke likaangukia vyombo vyake. Naomba tumsome upya. Mpango wake wa kununua, kuuza na kuongeza mtaji haukuwa na ubaya. Ndio mpango wa kila mfanyabiashara wa mnadani. Kilichomponza ni mguu. Wanasaikolojia Jonathan Smallwood na Jonathan Schooler wameonyesha kwamba akili inapohama, ubongo hupunguza mwitikio wake kwa mambo ya nje, ili picha ya ndani isivurugwe. Kinga hiyo ina gharama, na mpaliliaji anaijua: hushtuka jembe likiwa limekwisha kukata mche wa pamba badala ya gugu. Swali la maana ni iwapo kazi iliyo mkononi inaruhusu kuota. Kupalilia kunaruhusu kwa kiasi. Kuendesha pikipiki kwenye barabara ya vumbi hakuruhusu kabisa.

Kuna pingamizi zito ambalo sipendi kulikwepa. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha matokeo ya watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, nyakati zisizotabirika, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya majibu yalitoka kwa watu ambao akili zao hazikuwa kwenye walichokuwa wakifanya, na watu hao kwa jumla walikuwa na furaha pungufu. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwazidi wale waliotulia kwenye shughuli zao. Takriban robo tatu ya washiriki waliishi Marekani, na wote walikuwa na simu ya kisasa wakati ambapo simu hizo zilikuwa za wachache. Hiyo ni sababu ya kusita kuyapeleka matokeo hayo Meatu, ingawa haitoshi kuyafuta. Jibu langu ni kwamba furaha ya dakika ileile ni kipimo kibovu cha kazi ya kupanga. Anayepiga hesabu ya deni hafurahi anapoipiga, na bado anahitaji kuipiga.

Hata hivyo, si kila safari ya akili ni kupanga. Jerome Singer wa Yale alitofautisha mapema ndoto zinazojenga na zile zilizojaa hatia na hofu, na mwaka 2002 Eli Somer wa Haifa aliandika kuhusu watu ambao ndoto zao zimekuwa ndefu na nzito kiasi cha kuwanyang'anya maisha. Mjane anayerudia kosa lilelile kila mstari, au mwenye deni anayeuona uso wa mdai kila anapoinama, hajaribu njia mpya. Anazunguka palepale. Kuhusu dai maarufu kwamba kuota mchana huzaa ubunifu, lililopewa nguvu na jaribio la Benjamin Baird na wenzake mwaka 2012, sitaliegemea, kwa sababu majaribio ya baadaye hayakupata matokeo yaleyale.

Hapa ndipo Wasukuma wana la kuwafundisha wataalamu. Kazi ya jembe Usukumani imekuwa ya vikundi kwa vizazi vingi, ikiongozwa na manju, ngoma na nyimbo, na majembe yakirushwa na kuzungushwa katika ngoma ya bugobogobo. Vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika viliufanya uimbaji kuwa ushindani, mavuno yakiisha. Frank Gunderson, mtafiti Mmarekani wa muziki, alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo hizo za kazi. Kwa kawaida husemwa kwamba nyimbo huleta mwendo mmoja na kupunguza uchovu. Ninaongeza jambo jingine: wimbo hukamata ile nafasi ambayo kazi imeiacha wazi, hasa kwa yule ambaye akili yake ingerudi kwenye uchungu uleule, na humpeleka mahali ambapo wenzake nao wapo. Wakati huohuo palizi ya peke yake, bila ngoma, imebaki kuwa saa ya kila mtu na mipango yake. Jamii iliyo na njia zote mbili haijalazimika kuchagua kati ya kuizima akili inayohama na kuiacha ipotee.

Shule zetu zimechagua kuizima. Mwanafunzi anayetazama dirishani huitwa mvivu na wakati mwingine huchapwa. Utafiti wa usomaji unaonyesha kwamba hata wanafunzi wa vyuo vikuu huhama kiakili kati ya asilimia 20 na 40 ya muda wa kusoma, na kwamba matini ikiwa ngumu kueleweka, kuhama huongezeka. Sasa mfikirie mtoto wa Itilima: nyumbani Kisukuma, shule ya msingi Kiswahili, na kidato cha kwanza ghafla biolojia kwa Kiingereza. Akili yake ikitoka darasani, imetoka kwa sababu haikupata pa kushika. Macho yaliyokwenda dirishani ni taarifa kwa mwalimu kuhusu somo lenyewe, na fimbo huifuta taarifa hiyo kabla haijasomwa.

Utafiti unaohitajika unaweza kuanzia Bariadi bila mashine ya kupiga picha za ubongo. Wapaliliaji waulizwe kwa sauti, kwa Kisukuma, katikati ya mstari, siku ya kikundi chenye ngoma na siku ya kila mtu peke yake: akili ilikuwa wapi, pamoja na nani, na ilikuwa ikijaribu kuamua nini. Majibu hayo yahifadhiwe. Msimu wa mauzo ukifika, mtafiti akae kando ya mizani na kuuliza ni maamuzi gani kati ya yale ya palizi yaliyotekelezwa, na ni yapi yalibadilishwa njiani.