Kocha wa Chewele Huanza na Mwiba

Makocha wa kwanza tuliowaona huku Chewele, eneo la Bura katika Kaunti ya Tana River, walikuwa wachezaji waliozidiwa na magoti. Mradi wa umwagiliaji wa Bura ulianza kupokea wakulima wa pamba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Familia zikaja kutoka pembe nyingi za Kenya, zikagawiwa mashamba katika vijiji vilivyoitwa kwa namba, na vijana wakaanza kucheza soka kijiji kwa kijiji: Mpokomo, Muorma, Mkamba na Mluhya ndani ya jezi moja. Mimi nilikuwa beki wa kushoto. Mwishoni mwa muongo huo mradi uliyumba, pampu za dizeli pale Nanigi zikawa za kubahatisha, na wenzangu wengi wakaenda kutafuta riziki kwingine. Tuliobaki tukarithi filimbi.

Na tukarithi mathenge. Mti huu ulipandwa Bura miaka hiyo hiyo ya 1980 ili watu wapate kuni na kivuli. Leo umevamia mashamba, malisho na pembe za uwanja. Mwiba wake hutoboa mpira, hupenya hata soli ya njumu. Basi kabla ya mazoezi wachezaji hufagia uwanja kwa matawi, nami huketi na gundi na kiraka cha baiskeli, naziba blada, nairudisha ndani ya ngozi na kuushona mpira kwa uzi wa nailoni. Kazi hiyo haifundishwi katika kozi yoyote ya ukocha niijuayo.

Wapo waliovuka kutoka uwanjani hadi benchi kwa kishindo. James Siang'a, kipa wa Kenya katika Kombe la Afrika la 1972 kule Cameroon, ndiye aliyekuwa kocha wa Simba ya Tanzania ilipowang'oa Zamalek ya Misri mwaka 2003. Bernard Mwalala, mshambuliaji wa zamani wa Yanga, aliipa Bandari ya Mombasa kombe la FKF Shield mwaka 2019. Nawavulia kofia. Lakini mabosi wao walikuwa na ofisi, na mtu mwingine ndiye aliyetafuta basi.

Katika ligi za chini, kocha ndiye meneja, mhazini na mpatanishi. Alhamisi nabembeleza mwenye matatu atubebe hadi Hola kwa mkopo. Ijumaa nazungumza na mzee anayetaka mwanawe apeleke ng'ombe mtoni badala ya kucheza. Mto Tana ukifurika, barabara hukatika, na timu isiyofika hupoteza pointi. Hapo sheria ni kali kupita kiasi, maana mto hausomi ratiba.

Ombi langu kwa shirikisho la soka (FKF) na kaunti ni moja: kozi za leseni ya ukocha ya daraja la D ziletwe Hola au Bura kila mwaka, zifanyike kiangazi barabara ikipitika, na ada ipunguzwe kwa anayenoa timu bila mshahara.