Kilo Zilizorudi: Nusu Karne ya Tiba ya Tabia

Mwaka 1959, daktari wa akili Albert Stunkard na mwenzake Mavis McLaren-Hume walitoa hesabu chungu. Kati ya wagonjwa 100 waliotibiwa unene katika kliniki ya lishe mjini New York, 12 tu walipunguza kilo 9 au zaidi, na baada ya miaka miwili wawili tu ndio walikuwa hawajazirudisha. Walikuwa wamepewa mpangilio wa mlo, basi. Ndipo wanasaikolojia walipoingia. Mwaka 1967 Richard Stuart alieleza jinsi wanawake wanane walivyopungua, kila mmoja zaidi ya kilo 10, kwa kuandika kila walichokula, kula mahali pamoja tu na kuweka chini uma kati ya tonge na tonge. Sifa zikaenda kwa mbinu hizo. Lililopuuzwa ni kwamba Stuart aliwafuatilia mwaka mzima. Walioiga miaka ya 1970 walizichukua mbinu wakamwacha mtu: kozi zao zilikuwa za wiki nane hadi kumi, kisha kwaheri, na uzito ukarudi.

Naamini kosa hilo ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya historia iliyofuata. Mwaka 1988 Michael Perri na wenzake walionyesha kwamba watu walioendelea kukutana na mtaalamu baada ya kozi walihifadhi sehemu kubwa ya mafanikio yao, ilhali walioachwa baada ya kozi walirudisha sehemu kubwa. Atakayepinga atataja Oxford, ambako Zafra Cooper na Christopher Fairburn walibuni tiba iliyolenga fikra zenyewe: matarajio makubwa mno, na kukata tamaa yasipotimia. Matokeo ya wanawake 150, yaliyotolewa mwaka 2010, yalikuwa mabaya: katika miaka mitatu ya ufuatiliaji wengi walirudisha karibu kilo zote. Lakini tiba ile nayo ilikuwa imekwisha kabla mwaka haujatimia. Kilichoshindwa pale ni dhana kwamba akili ikishanyooshwa hubaki imenyooka.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye mwili. Mwaka 2011 watafiti wa Australia waliona kwamba mwaka mmoja baada ya kupungua, homoni za njaa zilikuwa bado zinawasukuma watu kula. Mazungumzo yatafanya nini mbele ya homoni? Hayatazizima, kweli. Ila msukumo usiokoma unadai msaada usiokoma, na hilo haliihusu saikolojia peke yake: waliosimamisha dawa ya semaglutide katika majaribio nao walirudisha kilo nyingi. Katika utafiti wa Rena Wing wa mwaka 2006, watu waliokwisha kupungua walifuatiliwa kwa miezi 18. Wasiopewa zaidi ya jarida, asilimia 72 walirudisha kilo 2.3 au zaidi. Waliokutana ana kwa ana, asilimia 46. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele, kwani karibu nusu bado waliteleza.

Na gharama ya msaada huo usiokoma? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, wenye watu 1,032, ulitumia mazungumzo mafupi ya kila mwezi, mengi kwa simu. Baada ya miezi 30 walioongea na mtu walikuwa wamerudisha kilo 4, walioachwa wajitegemee kilo 5.5, na waliopewa tovuti kilo 5.2. Kilo moja na nusu ni kidogo, lakini simu hizo nazo zilikuwa chache.