Mfadhili akiondoka, shirika la sanaa linabaki na nini?

Ukumbi kujaa watu hakuna maana kwamba shirika lina hela. Muulize Sauti za Busara.

Tamasha hilo la Zanzibar lilianza 2004, chini ya shirika lisilo la faida la Busara Promotions. Kila Februari watu walifurika Ngome Kongwe. Lakini tiketi peke yake hazikutosha kulipa gharama. Fedha za wafadhili zilipokosekana, tamasha la 2016 likafutwa. Lilirudi 2017.

Iringa walipita njia nyingine
Neema Crafts ilianza 2003 mjini Iringa chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Vijana watatu viziwi walianza kwa kutengeneza karatasi za kinyesi cha tembo. Baadaye zikaja kazi nyingine za mikono, duka, mgahawa wenye wahudumu viziwi na nyumba ya wageni. Yaani mishahara ikawa inatafutwa dukani na mezani, siyo kwenye barua za maombi tu.

Nayo ina hatari yake. Watalii waliokuja Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Anayewauzia wageni lazima aumie.

Unapimaje?
Usiangalie mwaka mmoja. Chukua hesabu za miaka mitatu hadi mitano, kisha uliza:

1. Chanzo kikubwa kimoja kinabeba kiasi gani? Kikizidi nusu, kikikatika mmekwama.

2. Hela ipi iko huru? Fedha ya mradi ina kazi yake. Huwezi kulipia kodi ya pango kama mkataba unasema ni ya mafunzo.

3. Mnaweza kuishi miezi mingapi bila kuingiza kitu? Mfano, kikundi cha ngoma Mbeya kinatumia Sh2 milioni kwa mwezi na kina akiba huru ya Sh6 milioni. Kina miezi mitatu tu.

4. Akiba hiyo inapanda au inashuka? Ikipungua kila mwaka, mnakula mtaji hata kama maonyesho yanajaa.

Mashirika yaliyosajiliwa kwa Sheria ya NGO ya 2002 hutakiwa kuwasilisha ripoti kila mwaka. Kama uko kwenye kikundi, omba kuiona kabla mkataba wa mfadhili haujaisha, siyo siku mshahara umekosekana.