Kusoma chuo kikuu Marekani huku ukiwa askari wa akiba: Mambo ambayo familia inapaswa kufahamu

Familia nyingi za Afrika Mashariki zenye kijana Marekani hupata habari hii kwa simu, na mara nyingi mkataba ukiwa umeshasainiwa: yuko chuo kikuu, na sasa pia ni askari. Wazazi huuliza maswali mawili. Ameacha masomo? Atapelekwa vitani? La kwanza jibu lake ni hapana. La pili jibu lake ni refu zaidi, na kwa sehemu kubwa ndilo linalozungumzwa hapa.

Makala haya yanawahusu hasa wale waliofika Marekani kwa grini kadi ya bahati nasibu, waliohamishiwa huko kama wakimbizi kutoka kambi kama Nyarugusu na Kakuma, na watoto waliokulia huko.

Si JKT, si mgambo

Ukiwa Tanzania, maneno "jeshi la akiba" yanakuletea picha ya mgambo wa kata, na kijana msomi akitajwa pamoja na jeshi unafikiria JKT kwa mujibu wa sheria, ile ya wahitimu wa kidato cha sita iliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Ya Marekani ni tofauti. Huko hakuna anayelazimishwa kuvaa gwanda tangu mwaka 1973. Anayejiunga amekwenda mwenyewe, amefanya mtihani, amepimwa afya na ametia saini.

Kuna milango miwili mikubwa. Mmoja ni jeshi la akiba lililo chini ya serikali kuu ya Washington. Jeshi la nchi kavu, la majini, la anga na la wanamaji yote yana akiba yake. Mlango wa pili ni Walinzi wa Taifa, na huu una mabwana wawili. Kila jimbo lina Walinzi wake, na gavana anaweza kuwaita wakati wa mafuriko, moto wa misitu au ghasia za mjini. Rais naye anaweza kuwachukua na kuwapeleka ng'ambo.

Hilo la ghasia si la kupita haraka kwa mwanafunzi. Mei 4, 1970, Walinzi wa Taifa wa jimbo la Ohio waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana katika Chuo Kikuu cha Kent State. Wanne waliuawa na tisa wakajeruhiwa. Anayejiunga na Walinzi akiwa chuoni anapaswa kujua kwamba siku moja anaweza kupangwa upande wa pili wa mstari, mbele ya vijana wenzake.

Muda unaochukuliwa

Waandikishaji hulieleza hivi: wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Ni kweli, ila huo ni utaratibu wa baada ya mafunzo. Kabla ya hapo kuna mafunzo ya kuruta, ambayo kwa jeshi la nchi kavu ni takriban wiki 10, halafu mafunzo ya kazi: udereva, ufundi magari, uuguzi, mawasiliano na kadhalika. Haya ya pili yanaweza kuwa wiki chache, na kwa baadhi ya kazi yakapita mwaka mzima. Kwa hiyo kazi anayoichagua kijana ndiyo itakayoamua kama atakosa muhula mmoja au mihula mitatu.

Upo mpango wa kugawa mafunzo: ukuruta likizo ya kiangazi mwaka huu, mafunzo ya kazi kiangazi kijacho, na masomo yanaendelea katikati. Si kila kazi inaruhusu hivyo. Lazima kijana aulize, na jibu liwe kwenye mkataba.

Ile wikiendi moja kijeshi huhesabiwa kama vipindi vinne. Katika jeshi la nchi kavu, askari akikosa vipindi tisa bila ruhusa ndani ya miezi 12 anaweza kutangazwa kuwa hashiriki ipasavyo. Piga hesabu: ni wikiendi mbili na kidogo tu. Mtihani wa Jumatatu asubuhi si ruhusa, mpaka mkuu wa kikosi akubali. Wapo wanaoruhusiwa kufidia siku nyingine, lakini wameomba mapema, hawakutoweka.

Na mkataba wenyewe ni wa miaka minane. Kwa kawaida miaka sita huwa ya mazoezi ya kila mwezi, na iliyobaki jina hukaa kwenye orodha bila mazoezi. Aliye kwenye orodha hiyo bado anaweza kuitwa. Kijana wa miaka 19 anayesaini leo amejifunga hadi miaka 27, wakati shahada yake itakuwa imekwisha zamani.

Fedha, kwa sababu ndiyo inayovuta

Tusifichane: wengi hujiunga kwa ajili ya ada. Marekani hakuna bumu la kila mwanafunzi, na mikopo ya chuo humfuata mtu hadi uzee.

Kuna posho ya masomo kwa askari wa akiba aliyejifunga miaka sita. Kwa anayesoma muda wote, katika miaka ya karibuni imekuwa chini kidogo ya dola 500 kwa mwezi, na hulipwa hadi miezi 36. Kuna msaada wa ada unaofika dola 250 kwa kila krediti, wenye kikomo cha mwaka. Walinzi wa Taifa mara nyingi huongeza cha jimbo: Ohio, kwa mfano, hulipa ada nzima ya chuo cha umma kwa askari wake anayetimiza masharti, na Massachusetts nayo ina mpango wa kuwasamehe ada. Majimbo mengine hutoa kidogo. Hapa ndipo watu wawili wenye gwanda moja wanapojikuta na deni tofauti kabisa.

Mshahara wa wikiendi kwa askari wa cheo cha chini ni kama dola 300 kabla ya kodi. Hautoshi kodi ya nyumba, na hautoshi kutuma nyumbani kila mwezi. Ndugu walioko kijijini walielewe hilo: mwenye gwanda si lazima awe mwenye fedha.

Baadhi hupewa fedha za kuvutia wakati wa kujiunga. Hizo hurudishwa, zote au sehemu, iwapo askari hatamaliza muda wake kwa makosa yake mwenyewe. Na ahadi yoyote ya mwandikishaji ambayo haimo kwenye mkataba au viambatanisho vyake, haipo. Anaweza kuwa mkweli na mwenye nia njema, lakini mwakani atakuwa amehamishwa kituo.

Ipo pia njia ya uofisa kupitia mafunzo yanayotolewa vyuoni, yanayojulikana kwa kifupi cha ROTC. Mwanafunzi anaweza kuwa kadeti chuoni na wakati huohuo kufanya mazoezi na kikosi cha akiba, analipwa kama sajini, na akiwa katika mpango huo hapelekwi vitani mpaka amalize. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia yenye nafuu zaidi kwa anayetaka shahada kwanza. Kikwazo ni kwamba mkataba wa kadeti na kamisheni ya uofisa vinahitaji uraia wa Marekani. Grini kadi peke yake haitoshi.

Kuitwa

Tangu Septemba 2001 zaidi ya askari milioni moja wa akiba na Walinzi wa Taifa wameitwa kazini, wengi wao wakipelekwa Iraq na Afghanistan. Hao walikuwa wauguzi, walimu, madereva na wanafunzi ambao kalenda yao ilikuwa na mihula na mitihani kama ya mtu mwingine yeyote. Vita hivyo vimekwisha, lakini kuitwa hakujaisha. Januari 28, 2024, ndege isiyo na rubani ilishambulia kituo cha Marekani kinachoitwa Tower 22 nchini Jordan. Askari watatu waliokufa walikuwa wa akiba, wa kikosi cha uhandisi kutoka jimbo la Georgia. Wawili walikuwa na miaka 23 na 24.

Si kila safari ni ya vita. Walinzi wa Taifa wa Massachusetts wana ushirikiano na jeshi la Kenya tangu mwaka 2015, na wengine hulinda kambi ya Marekani iliyoko Djibouti. Lakini askari hachagui. Amri ikitoka katikati ya muhula, anaondoka katikati ya muhula.

Sheria ya mwaka 2008 inamlinda kwa upande wa chuo. Chuo kinachopokea fedha za serikali kuu za misaada ya wanafunzi kinatakiwa kumrudisha mwanafunzi aliyeitwa kwa zaidi ya siku 30, katika hatua ileile ya masomo aliyoachia, mradi muda wote wa kutokuwepo kwa ajili ya jeshi usizidi miaka mitano. Anatakiwa kukiarifu chuo kabla ya kuondoka, na kutoa taarifa ya kurudi ndani ya miaka mitatu baada ya kumaliza utumishi. Kazi yake ya mshahara, kama anayo, inalindwa na sheria nyingine ya mwaka 1994.

Kinachowasumbua wengi si safari ndefu hizi. Ni zile wikiendi. Sheria hiyo ya 2008 haigusi mtihani mmoja uliokosekana kwa sababu ya mazoezi. Hapo inategemea jimbo, chuo, na mara nyingine moyo wa mhadhiri. Askari wanafunzi wenye uzoefu hupeleka ratiba ya mazoezi kwa wahadhiri wiki ya kwanza ya muhula, kwa maandishi.

Nani anaruhusiwa

Raia na wenye grini kadi, kuanzia miaka 17 kwa idhini ya wazazi. Aliyekwenda Marekani kwa viza ya mwanafunzi haruhusiwi. Wengi bado wanakumbuka mpango wa MAVNI ulioidhinishwa mwaka 2008, uliowapokea baadhi ya wageni wasio na grini kadi wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, na Wakenya wengi walipita humo. Mpango huo uliacha kupokea watu mwaka 2016. Mkimbizi aliyepewa makazi anaweza kuomba grini kadi baada ya kukaa mwaka mmoja, kisha ndipo aende kwa mwandikishaji.

Kuna jambo jingine linalochanganywa na hili. Karibu wanaume wote wa miaka 18 hadi 25 wanaoishi Marekani, wakiwemo wenye grini kadi na wakimbizi, wanatakiwa kuwa kwenye daftari la serikali la wanaoweza kuitwa kukitokea dharura kubwa. Kuwa kwenye daftari hilo si kujiunga na jeshi. Kutokuwemo, hata hivyo, kunaweza kuleta shida siku ya kuomba uraia.

Na tahadhari kwa walioko huku nyumbani. Zinazunguka kwenye WhatsApp jumbe zinazodai kwamba jeshi la Marekani linaandikisha vijana wa Afrika, na kwamba fomu hulipiwa kwa simu. Jeshi hilo halitozi ada ya kujiunga, wala halimchukui mtu aliyeko kijijini asiye na grini kadi. Anayekuomba "hela ya fomu" ni tapeli, hata kama picha yake ina nyota begani.

Uraia, na kilicho nyuma yake

Mwenye grini kadi kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kuomba uraia. Utumishi wa kijeshi wa heshima, ule wa akiba ukiwemo, unaweza kufupisha sana kusubiri huko. Ukipatikana kwa njia hiyo, uraia unaweza kufutwa endapo askari ataachishwa bila heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi.

Upande wa nyumbani nao una gharama. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu katiba ya mwaka 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo haitambui. Kijana wa Kitanzania anayekula kiapo cha Marekani anaacha kuwa Mtanzania, na maswali ya shamba la familia yanabadilika siku hiyohiyo. Ni vyema hilo lizungumzwe na wazee kabla ya kiapo.

Fomu moja ya kuulizia

Kama kijana wako amekwishajiunga, muulize kuhusu fomu ya taarifa za dharura. Kila askari huijaza, akiandika jina, anwani na simu za ndugu wa kujulishwa akipatwa na jambo. Wengi huandika rafiki aliyeko Marekani kwa sababu ni rahisi, na wengine huandika namba ya nyumbani ambayo mwenyewe alishaibadilisha laini. Bima ya maisha ya askari, inayofika dola 500,000 tangu mwaka 2023, nayo ina sehemu ya kuandika mrithi, na mzazi aliyeko nje ya Marekani anaweza kuandikwa. Mpe jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, namba mbili za simu zinazopatikana, pamoja na jina la kijiji, kata na wilaya. Kila ukibadilisha laini, mwambie abadilishe fomu.